Figo la Tumbili: Historia ya Kukuza na Kulinganisha Virusi vya Korona vya Wanyama

Utangulizi

Tangu mwaka 2020 neno "korona" limekuwa neno la kila nyumba katika nchi zisemazo Kiswahili, kuanzia visiwa vya Lamu hadi Kolwezi. Tanzania ilibuni kifupisho UVIKO-19 kwa ugonjwa wenyewe, lakini katika masoko na vituo vya magari neno "korona" ndilo lililodumu. Neno limeenea kuliko elimu iliyolizaa. Elimu hiyo ni ya kukuza virusi ndani ya seli hai na kuvilinganisha kimoja na kingine, na kwa sehemu kubwa ilijengwa juu ya viungo na damu za wanyama wa Afrika.

Makala haya yanakusudia kueleza historia hiyo kwa ufupi. Kwanza yataangalia maneno ambayo Kiswahili kinayo kwa kazi hii. Pili yatafuata njia iliyotoka kwenye yai la kuku hadi kwenye chupa ya seli, na kuonyesha kwamba Afrika ya Mashariki iliwahi kuwa na maabara iliyosimama mstari wa mbele katika kazi hiyo. Tatu yataeleza jinsi ulinganisho wa virusi vya korona ulivyofanywa, na jinsi ulivyoweza kupotosha. Mwisho yatauliza historia hii ina maana gani kwa Ukanda wa Shaba wa Lualaba, nchi ya migodi.

1. Neno na kitu

Bakteria nyingi huweza kuoteshwa juu ya mchuzi wa nyama ulioganda, pasipo kiumbe hai chochote kingine. Kirusi hakiwezi. Nje ya seli hai hakili wala hakizaani. Ni chembe tupu yenye maagizo ya urithi na ganda. Kwa sababu hiyo, anayetaka kukikuza kirusi hana budi kwanza azikuze seli zitakazokibeba.

Neno "virusi" lenyewe lina mkasa wake katika sarufi. Lilipoingia katika Kiswahili, silabi yake ya kwanza ilisikika kama kiambishi cha wingi, na wasemaji wakaunda umoja "kirusi" kwa kufuata mfano wa kitabu na vitabu. Hivyo neno la Kilatini lenye maana ya sumu limepata ngeli ya Kibantu, na umoja wake sasa unafanana kwa matamshi na jina la lugha ya Warusi. Wako wanaoukwepa umoja huo na kusema "virusi" kwa yote mawili.

Kuhusu kazi yenyewe, lugha za Ulaya hutumia neno moja lililotoka shambani, lenye maana ya kulima. Kiswahili hutenganisha: mkulima hupanda, mfugaji hufuga. Seli za maabara ziko karibu zaidi na mifugo kuliko mazao. Hulishwa, husafishwa, hukingwa dhidi ya maradhi, na zinapojaa chupa hugawanywa na kuhamishiwa chupa mpya, kama ng'ombe wanaohamishiwa malisho mengine. Kirusi ndicho kinachopandikizwa ndani yake. Katika makala haya basi, seli zinakuzwa, na virusi vinapandikizwa ndani yake ili navyo vikue.

2. Kutoka yai hadi chupa

Virusi vya korona vya kwanza kujulikana havikuwa vya binadamu. Mnamo 1931 Schalk na Hawn walieleza ugonjwa wa mapafu wa vifaranga katika North Dakota, Marekani. Mnamo 1937 Beaudette na Hudson walifaulu kukikuza kirusi chake ndani ya mayai ya kuku yenye viinitete. Yai lilikuwa chombo rahisi: seli hai zilizofungwa katika ganda safi, zinazopatikana kila penye kuku. Mnamo 1946 ulielezwa ugonjwa wa kuhara wa nguruwe, na mnamo 1949 ugonjwa wa panya wa maabara. Hakuna aliyefikiri kwamba magonjwa haya matatu ni ya ukoo mmoja. Kila kimoja kilikuwa na mnyama wake, na kila mnyama alikuwa na mtaalamu wake.

Mageuzi yalitoka upande mwingine. Mnamo 1949 Enders, Weller na Robbins walionyesha huko Boston kwamba kirusi cha polio hukua katika seli zisizo za mishipa ya fahamu, ndani ya chupa. Kwa ugunduzi huo walipewa Tuzo ya Nobel mnamo 1954. Dawa za kuua bakteria zilikuwa zimekwisha kupatikana, na seli ziliweza sasa kuishi wiki nyingi bila kuoza. Kisha ikagunduliwa njia ya kuitawanya nyama ya figo kwa kimeng'enya cha tripsini, ili kila seli ijishike peke yake katika kioo na zote zienee kama zulia jembamba. Figo ndilo kiungo kilichofaa kuliko vingine, maana seli zake hugawanyika kwa nguvu na hupokea virusi vya aina nyingi. Kuanzia hapo kirusi kiliweza kuonekana kwa kazi yake: zulia la seli hutoboka pale kirusi kinapozila.

Kwa njia hizo Tyrrell na Bynoe, katika kituo cha mafua cha Salisbury, Uingereza, walikuza mnamo 1965 kirusi cha mafua ya kawaida katika vipande vya koo la kijusi cha binadamu. Mwaka uliofuata Hamre na Procknow wa Chicago walitangaza kirusi kingine, kilichopewa namba 229E, kilichokua katika seli za figo la binadamu. June Almeida, fundi hodari wa hadubini ya elektroni aliyekuwa London, aliviangalia virusi hivyo pamoja na kile cha vifaranga. Aliona umbo lile lile: chembe mviringo iliyozungukwa na miiba kama taji la mwanga. Jina la virusi vya korona lilitangazwa mnamo 1968 katika jarida la Nature. Ukoo huo ulizaliwa kwa ulinganisho: mgonjwa wa mafua na kifaranga wa North Dakota waliwekwa kwa mara ya kwanza katika jamii moja.

3. Muguga

Katika miaka hiyo hiyo ukuzaji wa seli haukuwa kazi ya Ulaya na Marekani peke yake. Muguga, karibu na Nairobi, palikuwa na kituo cha utafiti wa mifugo cha Afrika ya Mashariki. Walter Plowright alianza kazi huko mnamo 1956. Adui wake mkuu alikuwa sotoka, ugonjwa ambao katika miaka ya 1890 uliwaangamiza ng'ombe kutoka Pembe ya Afrika hadi kusini mwa bara na kuleta njaa kuu kwa wafugaji.

Plowright na Ferris walichukua aina ya kirusi cha sotoka iliyohifadhiwa Kabete kwa miaka mingi, wakaipandikiza katika seli za figo la ndama. Waliihamisha kutoka chupa hadi chupa mara tisini hivi. Katika safari hiyo kirusi kilizoea maisha ya chupa na kupoteza uwezo wa kumwua ng'ombe, lakini kikabaki na uwezo wa kumkinga. Chanjo za awali, zilizopitishwa katika mbuzi au sungura, ziliwadhuru baadhi ya ng'ombe. Hii mpya haikuwadhuru, na ilitengenezwa kwa gharama ndogo. Ilitumika katika kampeni za pamoja za Afrika zilizoanza mnamo 1962. Kisa cha mwisho cha sotoka kilionekana Kenya mnamo 2001, na mnamo 2011 ulimwengu ulitangazwa kuwa huru na ugonjwa huo.

Kuna kazi nyingine mbili za Muguga zinazofaa kutajwa. Wamasai walikuwa wakijua tangu zamani kwamba ng'ombe wakilishwa mahali nyumbu walipozalia hupata homa na kufa, na waliwaepusha mifugo wao na malisho hayo. Mnamo 1960 Plowright na wenzake walikipata kirusi chenyewe katika damu ya nyumbu wasio na dalili yoyote, wakakikuza katika seli. Mwaka huo huo Malmquist na Hay walikikuza kirusi cha homa ya nguruwe ya Afrika katika seli za nguruwe, wakaona kwamba chembe nyekundu za damu hujibandika juu ya seli zilizoambukizwa. Alama hiyo iliwawezesha wataalamu wa mifugo kuitofautisha homa hiyo na homa nyingine ya nguruwe inayofanana nayo.

Muguga inathibitisha jambo moja. Maabara ilipokuwa karibu na ugonjwa, swali la mfugaji na jibu la mtaalamu vilikutana. Maarifa ya Wamasai hayakubaki simulizi. Yalipata ushahidi wa chupa katika nchi yao wenyewe.

4. Figo la tumbili

Seli zitokazo moja kwa moja katika figo la mnyama zina kasoro: hufa baada ya vizazi kadhaa, na kila mara lazima mnyama mwingine achinjwe. Tarehe 27 Machi 1962, Yasumura na Kawakita wa Chuo Kikuu cha Chiba, Japani, walianza kukuza seli za figo la tumbili wa Afrika. Seli hizo hazikufa. Ziliendelea kugawanyika, na hadi leo zinagawanyika katika maabara za mabara yote. Waliziita Vero, kwa kufupisha maneno mawili ya Kiesperanto, verda reno, yaani figo la kijani. Katika Kiesperanto vero ni ukweli pia. Jina hilo, kama itakavyoonekana, liliahidi zaidi ya lilivyoweza kutimiza.

Uchunguzi wa urithi wa seli hizo, uliotangazwa mnamo 2014, ulionyesha kwamba zilitoka kwa tumbili jike, na kwamba zimepoteza kipande kikubwa cha kromosomu chenye jeni za interferoni. Interferoni ni mbiu ya mgambo ya seli: seli iliyovamiwa huitoa ili jirani zake wajihami. Seli za Vero haziwezi kuipiga mbiu hiyo, na ndiyo sababu moja inayofanya virusi vingi vistawi ndani yake.

Biashara ya mafigo ilikuwa na hatari yake. Mnamo 1967 wafanyakazi wa maabara za Marburg, Frankfurt na Belgrade waliugua homa kali baada ya kushughulika na tumbili walioletwa kutoka Uganda ili mafigo yao yatumike katika kutengeneza chanjo ya polio. Watu 31 waliambukizwa na 7 walikufa. Ugonjwa huo mpya ulipewa jina la mji wa Ujerumani, ingawa chanzo chake kilikuwa Afrika.

5. Ulinganisho mkuu

Kwa miaka thelathini na zaidi virusi vya korona vilibaki shughuli ya madaktari wa mifugo. Hali hiyo ilibadilika mnamo 2002–2003 ulipozuka ugonjwa wa SARS, uliowapata watu 8,098 na kuwaua 774. Huko Hong Kong, Atlanta na Frankfurt kirusi chake kilipatikana kwa njia ile ile ya zamani: sampuli za wagonjwa zilitiwa katika seli za figo la nyani au tumbili, na zulia la seli likatoboka. Katika seli za Vero hizo hizo ulipatikana mlango ambao kirusi huingilia, yaani protini iitwayo ACE2.

Mnamo 2012 daktari Ali Mohamed Zaki, akiwa Jeddah, alikuza kirusi kingine cha korona kutoka kwa mgonjwa wa mapafu. Ugonjwa wake ukaitwa MERS. Utafutaji wa mnyama anayekibeba uliwafikisha watafiti Oman, nchi yenye udugu wa karne nyingi na pwani ya Waswahili. Mnamo 2013 ilitangazwa kwamba ngamia wote 50 wa Oman waliopimwa walikuwa na kingamwili dhidi ya kirusi hicho. Baadaye ilifunguliwa hazina ya seramu za ngamia wa Somalia, Sudan na Misri zilizohifadhiwa tangu 1983, na zilikutwa na kingamwili hizo. Seramu za Kenya zilizokusanywa tangu 1992 zilitoa jibu hilo pia. Kirusi hicho kilikuwa kimeishi na ngamia wa Pembe ya Afrika kwa miongo kadhaa kabla ya kupewa jina.

Swali likazuka: kwa nini wagonjwa wengi wanaonekana Uarabuni, na ngamia wengi wako Afrika? Hapo ulinganisho wa chupa ulirudi kazini. Mnamo 2018 ilitangazwa kwamba virusi kutoka kwa ngamia wa Burkina Faso na Nigeria vilikua kwa udhaifu zaidi katika nyama ya mapafu ya binadamu kuliko virusi vya Uarabuni. Jibu hilo lisingepatikana kwa kusoma urithi wa virusi peke yake. Ilibidi virusi hai viwekwe katika seli zilezile, kwa kipimo kilekile, na kuhesabiwa saa kwa saa.

6. Ukweli wa chupa na mipaka yake

Hata hivyo chupa hudanganya. Mnamo 2020 watafiti wengi waligundua kwamba kirusi cha UVIKO-19 kikihamishwa mara kadhaa katika seli za Vero hupoteza kipande kidogo cha mwiba wake, kipande kinachokisaidia kuingia katika seli za mapafu. Katika figo la tumbili hakikihitaji, hivyo aina zisizo nacho hushinda. Anayelinganisha virusi viwili bila kujua vimepita chupa ngapi hulinganisha, bila kujua, historia ya chupa.

Mfano mzito zaidi ni klorokwini, dawa ambayo kizazi kizima cha Waafrika kiliinywa dhidi ya malaria. Katika seli za Vero, klorokwini na ndugu yake hidroksiklorokwini zilikizuia kirusi kipya, na habari hiyo ikawapa watu wengi matumaini mwanzoni mwa 2020. Mwaka huo huo ilionyeshwa kwamba katika seli za mapafu ya binadamu hazikizuii. Kirusi kina njia mbili za kuingia: katika figo la tumbili hupitia vifuko vya ndani ya seli, ambavyo dawa huvitibua, katika mapafu hupasua mlango wa juu kwa kimeng'enya kingine, na dawa haina la kufanya. Seli ilijibu kwa usahihi swali iliyoulizwa. Waliokosea ni waliochukua jibu la figo wakalifanya jibu la pafu.

Kuna mpaka mwingine. Virusi vingi vya korona vya popo havijapata kukuzwa kabisa. Popo wa Kenya, waliochunguzwa na matokeo yakatangazwa mnamo 2009 na 2017, walikutwa na maandishi ya urithi ya virusi vinavyofanana na SARS, na vingine vyenye ujamaa na virusi vya mafua ya binadamu, yaani NL63 na 229E. Maandishi huweza kusomwa hata kirusi kikiwa kimekufa. Kukikuza kunahitaji kirusi kilicho hai, kilichowekwa katika baridi kali tangu pangoni hadi maabarani. Mnyororo wa baridi ukikatika, maabara hupokea maandishi tu.

7. Migodi na Ukanda wa Shaba

Kolwezi, mji ulioanzishwa mnamo 1937 kwa ajili ya shaba na makao makuu ya jimbo la Lualaba tangu 2015, umezungukwa na mashimo: Musonoi, Kamoto, Dikuluwe, Mashamba. Huko Kasulo, tangu 2014, watu walichimba kobalti hata ndani ya viwanja vya nyumba zao. Historia ya virusi ina sababu ya kuzitazama nchi za namna hii, kwa kuwa mgodi ni mojawapo ya mahali ambapo mtu na popo hupumua hewa moja.

Mifano iko karibu. Kati ya 1998 na 2000, huko Durba, kaskazini-mashariki ya Kongo, ugonjwa wa Marburg uliwapata watu 154 na kuwaua 128. Wengi wa walioambukizwa kwanza walikuwa wachimbaji wa dhahabu wa mgodi wa Goroumbwa, na maambukizo yalikoma mgodi ulipojaa maji. Mnamo 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, Uganda, waliugua ugonjwa huo huo. Popo wa mgodi walichunguzwa, na kirusi hai kilikuzwa kutoka kwao katika seli za Vero, matokeo yakatangazwa mnamo 2009. Hivyo ugonjwa uliojulikana mnamo 1967 kwa sababu ya mafigo ya tumbili wa Uganda ulipatikana nyumbani kwake kwa msaada wa figo la tumbili. Nchini China nako, mnamo 2012, wafanyakazi 6 waliosafisha kinyesi cha popo katika mgodi wa shaba ulioachwa huko Mojiang waliugua mapafu, na 3 walikufa. Katika mgodi huo yalipatikana baadaye maandishi ya kirusi cha korona chenye ujamaa wa karibu na kile cha UVIKO-19, lakini kirusi chenyewe hakikupata kukuzwa.

Hoja hapa si kwamba mashimo ya Lualaba yana virusi hivyo. Ni kwamba swali likizuka, jibu litategemea umbali. Kutoka Kolwezi hadi Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba huko Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa ndege. Lubumbashi iko karibu zaidi, na chuo kikuu chake kina Kitivo cha Tiba ya Mifugo. Njia ya umeme kutoka Inga, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, ilifika Kolwezi katika miaka ya 1980 kwa ajili ya migodi, ikipita juu ya vijiji vingi visivyo na taa. Baridi ya kuhifadhi kirusi hai ni umeme, na umeme katika ukanda huu ulijengwa kulifuata shimo.

Virusi vikali kama Marburg vinahitaji maabara zenye ulinzi mkubwa, ambazo hata mataifa tajiri yanazo chache. Lakini elimu ya ukuzaji haianzii huko. Kirusi cha mapafu cha vifaranga, ambacho ndicho mkubwa wa ukoo wote kwa umri wa kujulikana, hakimdhuru binadamu na hukua katika yai. Kirusi cha kuhara cha ndama hukua katika seli za figo la ng'ombe, kama zile za Muguga. Kwa virusi hivyo mwanafunzi wa tiba ya mifugo huweza kujifunza hatua zote: kuchukua kipande, kukihifadhi, kupandikiza, kuhesabu na kulinganisha.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa inaonyesha kwamba ukoo wa virusi vya korona ulijulikana kwa ulinganisho, na kwamba kila ulinganisho hutegemea seli zilizotumika, idadi ya chupa zilizopitiwa na mahali kirusi kilipotolewa. Afrika imetoa figo la tumbili, seramu za ngamia na popo wa mapangoni. Imetoa pia, Muguga, mfano wa maabara iliyouliza maswali ya nchi yake na kuyajibu. Kwa upande wa lugha, istilahi zipo: seli, kirusi, kukuza, kupandikiza, kingamwili. Kilichopungua ni matumizi yake darasani. Mchimbaji wa Kolwezi anayeelezwa kwa lugha yake kwa nini asiingie katika shimo lenye popo, na kwa nini damu yake inachukuliwa na inapelekwa wapi, huwa ameshirikishwa katika elimu hiyo. Asipoelezwa, anabaki katika nafasi ya tumbili wa mwaka 1967: mtoa figo asiyejua linakopelekwa.